Kuhamisha Rangi: Kutoka Kiponda Hadi Ng'ambo

Nimerudi Tanga na daftari lililolowa, picha nyingi za kuta mbovu kwenye simu, na risiti ambazo wino wake umeshafifia. Niliyoandika humu nimeyaokota kwenye hivyo vitu. Sikwenda Unguja kuogelea. Rafiki yangu mchoraji, nitamwita Fundi kwa kuwa mtaa mzima unamwita hivyo, alikuwa anahamisha karakana yake kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, baada ya kodi kupanda, akaniomba nikamsaidie kubeba. "Nauli ya kurudi juu yangu," aliandika. Mimi kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka na ubavu wa madaladala, kwa hiyo rangi nazijua tabia zake. Isitoshe, siku nyingi nilitaka kuitazama vizuri mitaa ile iliyowalea pamoja waimba taarabu, wachongaji, mabaharia wasio na meli na watu wasio na pa kulala.

Jumanne. Tanga – Dar

Basi la alfajiri, Segera, Chalinze, foleni ya Kibaha, nikalala kwa binamu yangu Temeke. Basi.

Jumatano. Boti na kusi

Mwezi wa Saba kusi inavuma kwelikweli. Boti tuliyokata tuliambiwa inaondoka saa tatu asubuhi, ikawa saa nne, ikawa saa sita kasorobo. Sababu hatukuambiwa, ila kila mtu alikuwa anaitazama bahari na kujijibu mwenyewe. Nauli ya mwananchi, daraja la kawaida, ilikuwa elfu thelathini na kitu.

Tulipopita visiwa vya karibu na Dar mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kipemba aliyekuwa na safari ndefu kuliko yangu: ashuke Unguja, alale kwa ndugu, kesho yake apande boti nyingine ya Mkoani. Aliniona nimebadilika rangi.

"Mwanangu, weka hiyo simu. Tazama mbali kule, usitazame miguu yako."

Akanikatia ndimu kwa kiwembe alichokitoa kwenye pochi, akanipa na kipande cha tangawizi. Nilipomshukuru alisema hiyo ndimu si yangu peke yangu, ninyonye nusu, nusu nimpe kijana wa nyuma, maana naye hali yake haikuwa nzuri. Tukafika watatu tukinuka ndimu.

*Kwa watakaofuata:* Kitambulisho cha taifa kiwe mkononi, kinaulizwa wakati wa kukata tiketi na wa kupanda. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Wageni wasio Watanzania wanatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar tangu Oktoba 2024, kwa hiyo wenzetu wa Kenya wasome masharti kabla ya kufunga safari. Na kama ni Juni hadi Agosti, kaa katikati ya boti, chini.

Bandari ya Malindi inakupokea kwa moshi wa dizeli na harufu ya dagaa. Mapapasi, wale wanaowinda watalii, walinitazama viatu, wakaniacha nipite. Fundi alikuwa amesimama getini, suruali yake ina rangi zote isipokuwa ile iliyoshonewa.

Gesti tuliyoipata ni ya Funguni, elfu thelathini na tano, choo cha pamoja, chai na chapati asubuhi. Umeme ulikatika saa mbili usiku, feni ikasimama. Mwenye nyumba akaja na mshumaa na maelezo marefu ambayo hayakuzungusha feni. Nililala mlango wazi.

Chakula cha usiku tulikula Kiponda, mtaa wa karakana ya Fundi, kizingitini kwa bi mmoja anayeuza urojo mlangoni kwake. Anaanza na viazi na kachori, anavunja bajia juu yake, anamimina uji wa njano wenye embe mbichi, kisha chatne ya nazi, pilipili, vipande viwili vya mishkaki na kiganja cha chipsi za muhogo ambazo ukichelewa zinalainika na bakuli zima linapoteza maana. Elfu mbili na mia tano. Ule wa Forodhani ni mtamu pia, ila kule unalipia na mandhari.

Alhamisi. Ukuta unaotoka jasho

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha chini kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye ua katikati. Zamani kilikuwa ghala. Upana wake ni kama hatua nne, na vyumba vya nyumba hizi vingi ndivyo vilivyo, kwa sababu dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Mjenzi wa zamani hakuuliza mwenye nyumba anataka chumba kikubwa kiasi gani, aliiuliza boriti.

Tulianza kutoa picha ukutani. Nilipovuta moja kubwa, mashua na mawimbi, plasta ikaja nayo, kipande kama sahani. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa na umetoka unga mweupe wa chumvi, ukiugusa unabaki kidoleni. Fundi akanionyesha mpaka: juu chokaa ya zamani, imechakaa lakini kavu, chini saruji iliyopakwa miaka ya karibuni na mtu aliyetaka kusaidia. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji kutoka chini na zinayatoa taratibu kupitia chokaa. Ukizipaka saruji unaziziba pumzi, maji yanatafuta njia nyingine, yanapanda hadi kwenye boriti, boriti inaoza, na siku moja ghorofa linashuka.

Jioni tulipita mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Nilisimama pale nikaukumbuka ule unga mweupe kidoleni. Jumba la mfalme na ghala la Kiponda ni mawe yale yale na chokaa ile ile, ila likianguka la mfalme wanakuja wapigapicha.

Sasa niseme namna mafukara walivyoingia kwenye majumba ya matajiri, maana bila hilo habari ya Fundi haieleweki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi walikimbia au walinyang'anywa, na nyumba zikawa za serikali. Nyingine zilikuwa za wakfu tangu zamani. Watu wa Ng'ambo, wa mashamba na wa Pemba wakaingia, familia moja chumba kimoja, kwa kodi ya chini kabisa. Kodi ile haikutosha kununua hata mfuko wa chokaa, kwa hiyo hakuna aliyekarabati, na kufikia miaka ya themanini nyumba zilikuwa zinaporomoka moja baada ya nyingine. Mamlaka ya kuhifadhi mji ikaundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia. Lakini katika ile miaka ya uchakavu, mtu mwenye udi wa kupiga na asiye na kazi aliweza kupata chumba. Mchoraji aliweza kupata ghala. Mimi nasema wazi: muziki na picha nyingi tunazojivunia zimelelewa na kodi ndogo kabla hazijalelewa na mfadhili yeyote. Na ile kodi ndogo ndiyo pia iliyozibomoa nyumba. Yote mawili ni kweli, na anayekutajia moja tu ana kitu anauza.

Fundi alikuwa analipa laki na ishirini kwa mwezi. Warithi wa nyumba wamepata mtu wa kuifanya nyumba ya wageni, na aliyetaka kubaki aliambiwa laki sita. Alicheka aliponieleza, kicheko cha mtu aliyeshapiga hesabu mara nyingi.

Juu anakaa bi mtu mzima anayeshona kofia za viua. Alitutelemshia chai ya tangawizi na mkate wa kumimina kwa kikapu kilichofungwa kamba, kama wanavyoshushiwa wauza mboga pesa zao. "Nyinyi mnaondoka na rangi zenu," aliita kutoka dirishani, "mie nani ataninunulia vocha?" Yeye amepewa miezi mitatu.

Na chini ya ngazi analala mtu wa makamo ambaye hana mkataba na yeyote. Alikuja mjini zamani, wengine wanasema kutoka Makunduchi, wengine bara. Mwenyewe ukimwuliza anakwambia "natoka hapa nje". Usiku anafunga mlango mkubwa, alfajiri anaufungua. Anamwoshea Fundi brashi kwa mafuta ya taa, na anazipanga kwa ukubwa juu ya gazeti, nywele zote zimeelekea upande mmoja, kama askari kwenye gwaride. Bi wa juu anampa chakula. Kwenye makubaliano ya warithi na mpangaji mpya, kila mlango umetajwa na bei yake. Yeye hakutajwa popote.

Usiku tulikwenda Forodhani kuwatazama vijana wa makachu wakijitupa baharini kwa sarakasi. Bustani ile ilikarabatiwa 2009, ni safi, ina taa, na wachuuzi wakishafunga majiko walinzi wanapita kuwainua waliojilaza kwenye nyasi. Hawapigi, ila hawatanii. Waliolala wanakwenda kulala kwingine: barazani, kwenye mashua zilizopandishwa ufukweni, vibarazani mwa maduka yaliyofungwa. Baadhi ni vijana wa unga, yaani dawa za kulevya, na hapa sitaki kupamba. Fundi amempoteza rafiki aliyekuwa anapiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, vizuri kuliko waliobaki. Alianza kwa kulala nje baada ya shoo, akaishia hospitali. Wengine wametoka, wako kwenye soba hausi, na mmoja wao ndiye aliyemfundisha Fundi kutengeneza fremu.

Ijumaa. Baharia wa Malindi

Ijumaa hakuna mkokoteni utakaoupata kabla ya saa tisa, usijisumbue. Nilikwenda kuswali msikiti mmoja wa Malindi. Nilipotoka, kandambili zangu hazikuwepo. Nilizitafuta mpaka watu wakaisha, zikabaki moja nyekundu ya kushoto na moja ya bluu ya kushoto. Muuza kahawa aliyekuwa ng'ambo ya njia akanitazama nikisimama juu ya jiwe la moto kama korongo.

"Mgeni? Njoo ukae. Viatu vitakuja au havitaji, kahawa iko."

Akaniletea makubadhi yake ya akiba kutoka chini ya meza. Nilitaka kumpa pesa, akakataa akisema niyarudishe siku ya kuondoka. Kikombe cha kahawa mia mbili, kashata mia mbili.

Hapo barazani ndipo nilipompata yule mzee. Anakaa chumba cha nyumba ya wakfu nyuma ya baraza hilo, kodi yake ni ndogo kiasi kwamba hakutaka kuitaja mbele ya watu. Alizamia meli akiwa kijana, katikati ya miaka ya sitini, akaja kuwa baharia wa kweli mwenye karatasi, akazunguka, na sasa miguu yake inataka baraza tu. Mimi nilimwita ami, kama wanavyomwita wote pale.

Nikamweleza kazi iliyonileta. Akakaa kimya akinyonya kahawa, kisha akasema: "Hiyo ya wachoraji na wazururaji kukaa mtaa mmoja, nimeiona New York. Mtaa unaitwa Bowery."

Alikuwa ameteremka meli, pesa imekwisha, akaelekezwa huko. "Chumba chenyewe kabati, yakhe. Kitanda na msumari wa kutundikia koti. Kuta za mbao hazifiki darini, basi juu wametandaza waya wa kuku, jirani asije akakurukia usiku akakuibia. Usiku kucha unasikia watu mia wanakohoa." Asubuhi alitoka akaona vijana wawili wenye ndevu wanatoa kwenye mlango wa jirani kitambaa kikubwa kilichotandwa kwenye mbao. "Mie nikajua ni tanga. Nikauliza bandari iko upande gani. Wakacheka mpaka wakakiweka chini. Kumbe picha! Imepakwa rangi mbili tu, na wanaiuza."

"Uliionaje?" nikamwuliza.

"Tanga lingefaa zaidi." Akaongeza: "Huko nako walikuwa na Malindi yao."

Baada ya kurudi nimesoma kidogo, na mzee hakunipiga kamba. Bowery kwa miongo mingi ilikuwa mtaa wa nyumba za kulala za bei ya chini kabisa, vyumba vya mbao na waya juu, na wachoraji walihamia kwenye maghala ya pale kwa sababu hiyo hiyo ya bei. Mark Rothko alipanga karakana mwaka 1958 katika nambari 222, jengo lililokuwa la YMCA, akatumia ukumbi wake wa mazoezi. Klabu ya muziki ya CBGB ilifunguliwa mtaa huo 1973 na kufungwa 2006. Mwaka uliofuata jumba la sanaa la New Museum likahamia, na hoteli za fahari zikafuata. Walioacha waya wa kuku nyuma yao hawakurudi.

Nikamwuliza ami Malindi ya utotoni mwake ilikuwaje. Akanyoosha kidole kuelekea Funguni. Majahazi ya Ghuba, ya Uhindi na ya Somalia yalikuja na kaskazi kuanzia Desemba na yakangoja kusi iyarudishe. Katikati hapo watu walikuwa hawana la kufanya kwa wiki nzima nzima. Walilala majahazini, walilala barazani, walipanga chumba kimoja watu wanane. Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, waliuza kahawa na kubeba mizigo. Walipiga ngoma zao, wakajifunza za wenyeji, wakauziana nyimbo. Kina mama waliwaita watoto ndani magharibi, kwa kuogopa wasije wakapakiwa. "Mgeni alikuwa anaogopwa na anapikiwa," alisema ami, "vyote siku moja."

*Kwa watakaofuata:* Barazani usipige picha kabla ya kunywa kahawa yako ya kwanza, na usiulize siasa kabla ya ya tatu. Pale kwenye baraza la Jaws Corner utaisikia siasa bila kuuliza. Ukilala nyumbani kwa mtu badala ya gesti, mwenyeji wako akupeleke kwa sheha, kiongozi wa mtaa, akutambulishe; ni dakika kumi na inaondoa maswali mengi.

Jumamosi. Kuvuka Darajani

Hamali alifika saa moja asubuhi na mkokoteni wa magurudumu ya gari dogo. Safari mbili, elfu ishirini na tano, baada ya ubishi uliochukua muda sawa na safari moja. Tulipakia turubai arobaini na kitu, ndoo za rangi, meza, fremu, kopo la brashi. Vichochoro vya Kiponda havikukusudiwa kwa fremu ya mita mbili. Kila kona hamali alipiga mluzi, mimi mbele nikiita "njiaaa!", Fundi nyuma akishika mashua na mawimbi yake kifuani.

Yule bwana wa chini ya ngazi alisukuma nasi. Hakuombwa. Tulipofika barabara kuu ya Darajani, mbele ya soko la 1904, akaachia mkokoteni.

"Mie hapa basi. Sivuki."

Fundi akamwambia chumba kipya kina kibaraza kipana, atalala vizuri. Akatikisa kichwa. "Kule mlango nani ataufungua?" Akageuka akarudi Kiponda, na sisi tukabaki tukingoja madaladala yapungue.

Barabara hii ilikuwa maji. Mkondo wa bahari uliingia hapa ukautenga mji wa mawe na upande wa pili, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, jina ambalo maji yaliyolizaa yameshafukiwa. Waliokaa Ng'ambo walikuwa watumwa walioachwa huru, mahamali, wavuvi, wauza vyungu, watu wa bara na wa visiwani. Nyumba zao ni za ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele. Nyingi zilikuwa za udongo na makuti, leo matofali na mabati. Watu walijenga vibanda vyao wenyewe juu ya ardhi ya wengine, mara nyingi kwa malipo madogo au bure. Miaka ya ishirini wenye ardhi wakapandisha kodi za viwanja, na 1928 Ng'ambo ikagoma kulipa. Wanawake hawakubaki nyuma. Mgomo ule ulikuwa mkubwa kiasi cha kuilazimisha serikali ya kikoloni kuweka sheria ya kudhibiti kodi hizo.

Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Mwanamke wa Fumba, aliyekuja mjini 1911 baada ya kuuza vyungu kwa miguu kijiji hadi kijiji, hajui kusoma, akautoa taarabu kwenye kasri na Kiarabu chake, akauimba kwa Kiswahili kwa majirani wa Ng'ambo. Mtu akikwambia mgomo wa kodi na ile santuri ni habari mbili tofauti, mwambie waliogoma na waliojaa uani kwa Siti jioni walikuwa watu wale wale. Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa taarabu, aliyefariki Aprili 2013, ni wa ukoo huo huo wa kutangatanga: alisimulia mwenyewe alivyozunguka bara pekupeku akikimbia ndoa, na hata baada ya tuzo ya maonyesho ya muziki wa dunia ya WOMEX ya 2005 alirudi kukaa Ng'ambo na majirani zake.

Tulipita pembeni ya majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, mahali palipokuwa na nyumba za udongo. Hamali alikaa kwenye kivuli chake akanywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mia tano, akasema ghorofa ya sita bila lifti ndiyo iliyomfundisha kuchagua kazi.

Karakana mpya iko Mwembetanga, chumba cha mbele cha nyumba ya mama mmoja mjane, laki na themanini, na anataka miezi sita mbele. Ukuta mkavu. Dari chini. Fundi aliingia, akaweka mashua na mawimbi ukutani, ikagusa dari, akailaza ubavu.

Usiku kulikuwa na harusi uchochoro wa pili na muziki wa kidumbaki. Nilikuwa nimesikia sana habari ya sanduku, sikuwahi kukaa karibu nalo. Ni boksi la mbao lililokuwa la majani ya chai, limegeuzwa, limetobolewa. Fimbo imesimamishwa pembeni, na uzi mmoja unatoka kichwani mwa fimbo hadi katikati ya boksi. Mpigaji anaivuta fimbo uzi ukaze, analegeza, huku mkono wa pili unadonoa, na besi inatoka inayotikisa sahani. Uzi ulikatika katikati ya wimbo. Akatoa kamba ya kuvulia mfukoni, akaifunga kwa meno, fidla wala haikusimama. Ngoma mbili ndogo za vidumbaki, manyanga ya cherewa, vijiti vya mkwasa, na wanawake wakitunza noti mpya za mia tano. Wenye kikundi cha ganuni na fidla kumi wanautazama huu kama muziki wa wasio na pesa ya taarabu. Ni kweli, na ndiyo maana unachezwa hadi alfajiri: hakuna kiti cha kukodi kinachosubiriwa kurudishwa.

Pembeni ya ua, kwenye mkeka wao, walikaa watu watano ambao hawakuwa wa bwana harusi wala bibi harusi. Walipewa sinia la pilau kabla yetu. Nikamwuliza mama mwenye nyumba ni nani. "Wa mtaa," alisema, akashangaa swali.

Jumapili

Kupaka chokaa, kukausha, kupiga misumari.

Jumatatu. Kurudi

Asubuhi mama mwenye nyumba alituita. Naye anauza urojo jioni, akataka bango, na kwa bango atapunguza elfu ishirini mwezi wa kwanza. Fundi akanisukuma mbele: yeye anachora mashua, herufi ni zangu. Nikaandika UROJO kwa nyekundu yenye kivuli cha njano, bakuli linalotoa moshi, bajia tatu. Nilipoanza kuandika bei chini yake akanishika mkono.

"Bei usiandike, mwanangu. Unga ukipanda nitaifuta na nini?"

Nikaacha kisanduku cheusi kitupu, aandike mwenyewe kwa chaki.

Nikapita Malindi kurudisha makubadhi. Muuza kahawa akaniambia kandambili zangu zilirudi Jumamosi, aliyezichukua ni mzee wa macho mabovu, na zilikaa chini ya meza hadi jana, alipompa yule bwana wa Kiponda anayelala chini ya ngazi. "Sasa analala hapa barazani, kule wameanza kubomoa vyoo. Zimemwenea?" Nikamwambia kama zimemwenea, basi. Aliponyoosha kidole nilimwona ameketi na ami, anafunga na kufungua mlango wa meza ya kahawa ambao bawaba yake ilikuwa imelegea, akijaribu bisibisi tatu tofauti.

Gharama zangu zote, gesti, boti kwenda, mabasi, kula na kahawa nyingi, hazikufika laki nne. Fundi alinipa nauli ya kurudi kama alivyoahidi, akakata elfu nne ya kopo la nyekundu. Boti ya saa kumi ilitoka saa kumi.